Shaba Inayopanda na Moshi

(Maelezo haya yalisomwa redioni wiki hii katika kipindi chetu cha kila wiki.)

Ndugu msikilizaji, bila shaka umewahi kuwaona vijana wa chuma chakavu wakichoma nyaya. Huzikusanya nyaya za umeme zilizotupwa, huzirundika nyuma ya gereji au kando ya mtaro, kisha huzitia moto ili plastiki iungue na shaba ibaki tupu, tayari kwa mizani. Moshi wake ni mweusi na unakaba koo. Lakini ukitazama chini ya moshi ule utaona jambo. Moto wenyewe hauna ule wekundu tuliouzoea kwenye kuni. Una ndimi za kijani, na mahali pengine buluu iliyokolea, kama fataki za sikukuu.

Rangi ile haitoki kwenye plastiki peke yake, wala haitoki kwenye shaba peke yake. Plastiki inayovishwa nyaya nyingi ni ile iitwayo PVC, na ikiwa safi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ndiyo hiyo hiyo klorini inayotiwa katika maji ya bomba kuua vijidudu, ila humo imefungwa ndani ya plastiki. Plastiki ikiungua, klorini hufunguliwa, huikuta shaba iliyopata moto, nazo hushikana. Kinachozaliwa hapo ni chepesi kiasi cha kuruka pamoja na hewa ya moto, na ndicho kinachoupaka moto rangi. Wakemia hukiita kloridi ya shaba. Mwaka 1872 mkemia Friedrich Beilstein aliigeuza rangi hiyo kuwa kipimo: chukua waya wa shaba, uchovye katika kitu usichokijua, upeleke motoni, moto ukiwa kijani, yaelekea kitu hicho kina klorini au ndugu zake. Kipimo hicho bado kinafundishwa. Moshi wa nyaya, nao, una tindikali inayochoma mapafu na sumu nyingine zinazokaa mwilini miaka mingi, na mzazi ambaye mwanawe anafanya kazi ile afadhali amtafutie kisu cha kuchunia plastiki kuliko kiberiti.

Nimeanza na nyaya kwa sababu leo nataka kuzungumza juu ya jiwe ambalo watu wachache sana duniani wamelishika kwa mikono, na bila moto ule wa nyuma ya gereji ingeniwia vigumu kulieleza.

Shaba huyeyuka katika joto la nyuzi 1,085 za sentigredi. Ili ichemke na kuwa mvuke yahitaji zaidi ya nyuzi 2,500. Hakuna volkano yenye joto la namna hiyo. Lava nyingi hutoka zikiwa na nyuzi kama 1,100 au 1,200. Kwa hesabu hiyo, shaba iliyomo ndani ya lava ilipaswa kutulia humo humo. Lakini haitulii. Mwaka 1960 mtaalamu wa Kimarekani, K. J. Murata, aliandika habari za ndimi za moto katika volkano ya Kilauea huko Hawaii. Aliutazama mwanga wake kwa chombo kinachotenganisha rangi, akaikuta humo alama ya shaba iliyoshikana na klorini. Ni jambo lile lile la nyaya, ila hapa aliyewasha moto ni ardhi.

Maana yake ni kwamba shaba, ambayo haiwezi kupanda yenyewe, hupandishwa na klorini. Klorini hutoka katika lava pamoja na mvuke wa maji na gesi ya salfa, inaidaka shaba njiani na kuondoka nayo kupitia nyufa za mlima. Gesi hiyo ikifika karibu na juu, mahali penye nyuzi mia tatu au mia nne tu, inaanza kupoa na kuushusha mzigo wake ukutani mwa ufa. Mahali pa namna hiyo, kama pamekauka vya kutosha, ndipo jiwe letu huzaliwa.

Jina lake ni tolbachite. Limeitwa hivyo kwa sababu ya volkano ya Tolbachik katika rasi ya Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi. Volkano hiyo ilipasuka Julai 1975 na haikunyamaza hadi Desemba 1976. Ilipasua nyufa ndefu na kuinua vilima vipya vya majivu na makaa ya lava. Wataalamu wawili, L. P. Vergasova na S. K. Filatov, walipochunguza matundu ya mvuke yaliyobaki baada ya mlipuko, walikuta kitu cha rangi ya dhahabu iliyoelekea hudhurungi, laini, chenye umbo la vijiti na vitambaa vyembamba. Wakakieleza rasmi mwaka 1983. Kilikuwa ni shaba na klorini, basi: chembe moja ya shaba kwa chembe mbili za klorini, bila maji na bila kingine chochote.

Hilo neno "bila maji" ndilo roho ya habari yote. Jiwe hili lina kiu isiyokatika. Litoe katika ufa wake wa moto, liweke mezani, nalo litaanza kunywa unyevu wa hewa. Rangi ya dhahabu hufifia, kijani huingia kwenye kingo, na baada ya muda si mrefu huna tena tolbachite. Una jiwe jingine kabisa, la kijani-buluu, ambalo nalo lina jina lake, eriochalcite, na ndani yake kila chembe ya shaba imechukua chembe mbili za maji. Liongezee maji zaidi hata hilo la pili litayeyuka kama sukari kwenye chai. Ndiyo maana wanaokusanya madini ya jamii hiyo huyafungia katika vyombo visivyopitisha hewa pale pale mlimani, yangali na joto.

Waitaliano walikuwa wameona mambo ya jinsi hii zamani zaidi. Mlimani Vesuvius, karibu na Napoli, mtaalamu Arcangelo Scacchi alieleza mwaka 1870 jiwe jeusi la shaba, klorini na oksijeni, aliloliita melanothallite. Nalo ni jeusi likiwa kavu, na hugeuka kijani likikaa katika hewa yenye unyevu. Kwa hiyo zipo jamaa kadhaa za ukoo huu, na zote zina tabia moja: zinaishi mahali ambapo joto la mlima linafukuza mvua. Huko Tolbachik, miongo minne baada ya mlipuko ule, bado yalikuwako matundu yenye nyuzi zaidi ya mia nne, na aina zaidi ya mia moja za madini zilizopatikana kwa mara ya kwanza duniani zimetoka katika volkano hiyo moja.

Msikilizaji wa Tanzania asidhani kwamba mawe yenye kufa kwa unyevu ni ya Warusi na Waitaliano tu. Tunao mlima wetu, Ol Doinyo Lengai, kule Ngorongoro. Lava yake si kama lava nyingine duniani: haina joto kali, nyuzi mia tano hadi mia sita hivi, inatiririka nyeusi kama oili chafu, na baada ya saa chache au siku chache inageuka nyeupe. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliandika habari zake mwaka 1962, na ulimwengu wa wataalamu ukashangaa, maana lava ile ni ya magadi. Moja ya madini yaliyomo liliitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Lina sodiamu, kalsiamu na kaboneti, si shaba, lakini kwa tabia ni jirani wa tolbachite: likipatwa na unyevu linaharibika na kuwa kitu kingine. Mtu akipanda Lengai mwezi mmoja baada ya mlipuko, akaokota jiwe jeupe na kusema ameshika nyerereite, kwa kweli ameshika alichoacha nyerereite.

Sasa nije kwenye barua.

Msikilizaji mmoja ameniandikia kutoka Kibimba, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa ameniomba hivyo na kwa kuwa wengine waliomo katika habari hii ni majirani zake. Anasema alifika kijijini kwao bwana mmoja mtanashati, mwenye kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa utepe wa plastiki mara tatu. Ndani ya kopo mna mabonge ya rangi ya hudhurungi. Bwana huyo anasema hayo ni madini adimu ya volkano, yanayopatikana sehemu mbili tu duniani, Urusi na vilima vya Kibimba, na kwamba yuko mnunuzi wa Kiarabu anayeyasubiri. Kinachokosekana ni nauli na gharama za vibali. Kila mbia anatakiwa kutoa shilingi laki sita, na faida itagawanywa. Wawili wameshatoa. Mmoja wao ameuza ng'ombe.

Mwandishi wa barua si mjinga, na ndiyo maana barua yake imenipendeza. Hakuuliza kama atajirike au asitajirike. Ameeleza alichokiona. Anasema yule bwana aliwaonyesha mambo matatu mbele ya macho yao. La kwanza, alitoa bonge moja, akalipulizia pumzi mara kadhaa, na lile bonge likaanza kuwa kijani. La pili, alichukua punje chache kwa waya akazipeleka kwenye moto, moto ukawa kijani na buluu. La tatu, aliyeyusha punje katika maji kwenye bilauri, akatumbukiza msumari mpya wa chuma, na baada ya dakika chache msumari ukatoka umevaa koti jekundu la shaba. "Sasa mwalimu," ananiuliza, "huyu mtu anadanganya wapi, ikiwa yote matatu tuliyaona?"

Nami namjibu hadharani: katika yale matatu hakudanganya popote. Yote matatu ni tabia za kweli za kloridi ya shaba, na yeyote aliyesikiliza tangu mwanzo wa maelezo haya anaweza sasa kuyafafanua mwenyewe. Bonge lilikunywa unyevu wa pumzi. Moto ulikuwa kijani kwa sababu ile ile ya nyaya nyuma ya gereji. Na msumari, kwa kuwa chuma hupenda kuyeyuka kuliko shaba, ulimpisha mwenzake: chuma kidogo kikaingia majini na shaba ikatoka ikaketi mahali pake. Uongo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa katika neno "volkano".

Kwa maana kloridi ya shaba haiuzwi na volkano peke yake. Inauzwa madukani. Ni chumvi ya kawaida ya maabara. Wanafunzi wa sekondari huitumia katika majaribio ya umeme, na mafundi huihitaji katika kazi kadhaa. Dukani huja kwa kawaida ikiwa fuwele za kijani-buluu, yaani ile yenye maji. Ukiipasha moto kwa uangalifu maji yanatoka, nayo inakuwa hudhurungi. Wengi wetu tuliufanya mchezo huo shuleni kwa kutumia mrututu, ambao ni ndugu wa chumvi hii: buluu ukiwa na maji, mweupe ukikaushwa, buluu tena ukitiwa tone. Kwa hiyo yule bwana alihitaji kopo, jiko, utepe wa plastiki, na mdomo mzuri. Na tafadhali asiwepo msikilizaji wa kwenda kujaribu jikoni kwake. Chumvi za shaba ni sumu, zinatapisha na kuunguza tumbo, na zikipashwa moto kupita kiasi hutoa klorini, gesi iliyotumika kuua watu katika Vita Kuu ya Kwanza.

Hapa mtu anaweza kuuliza: ikiwa kilichomo kwenye kopo na kilichomo katika ufa wa Tolbachik ni kitu kile kile kwa kemia, chembe kwa chembe, kwa nini kimoja kiitwe madini adimu na kingine chumvi ya dukani? Ni swali zuri. Madini, kwa wataalamu, ni kitu kilichotengenezwa na maumbile bila mkono wa mtu. Aina zilizokubaliwa kimataifa zimepita 6,000, na nyingi kati ya hizo zimeonekana mahali pachache mno. Uadimu wa tolbachite hauko katika shaba yake wala katika klorini yake. Uko katika mahali: ufa mkavu, wenye joto, penye gesi ya shaba, na mtu wa kufika hapo kabla ya mvua. Wako watu duniani wanaokusanya mawe ya aina hiyo na kuyalipia, lakini wanacholipia ni cheti kinachosema limeokotwa wapi, lini na nani, na maabara gani imelithibitisha. Ondoa cheti, umebaki na kitu cha dukani.

Na kama mnunuzi anataka shaba tu? Tupige hesabu. Katika kilo moja ya kloridi ya shaba iliyokauka, shaba ni gramu 473. Mei 2024 bei ya shaba katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, nayo ni bei iliyowashangaza hata wafanyabiashara wenyewe. Chukua dola 10 kwa kilo. Kopo la nusu kilo basi lina shaba isiyofika ya dola mbili na nusu, na bado hujalipa gharama ya kuitoa humo. Ng'ombe wa Ngara ameuzwa kwa sehemu ya kopo hilo.

Lakini najua kwa nini maneno ya yule bwana yaliingia masikioni. Watu wa Ngara na Biharamulo hawakuzaliwa jana katika habari za madini. Biharamulo kulikuwa na mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ulioanza kuzalisha mwaka 2005 na baadaye ukachukuliwa na shirika la umma ukaitwa Stamigold. Ngara kuna Kabanga, penye nikeli iliyogunduliwa mwaka 1976 katika utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Tangu hapo makampuni yamekuja na kuondoka, yametoboa ardhi na kuchukua sampuli, na mkulima amekuwa akiangalia magari yakipita. Mwaka 2021 iliundwa Kampuni ya Tembo Nickel, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16, na leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa mwaka huo huo. Mtu aliyesikia tangu utotoni kwamba chini ya miguu yake pana utajiri, akiambiwa utajiri wenyewe uko ndani ya kopo hili, hahitaji kusukumwa sana.

Na ni kweli kwamba ardhi ya Ngara ina shaba. Hili lisifichwe. Miamba ya Kabanga ilitokana na moto wa chini ya ardhi, mawe yaliyoyeyuka na kupanda zaidi ya miaka milioni 1,300 iliyopita, katika mkanda unaoendelea hadi Musongati nchini Burundi. Nikeli humo inakaribia asilimia 2 ya mawe ya mgodi; shaba haifiki hata theluthi moja ya asilimia moja, na kobalti ni kidogo zaidi. Lakini tazama shaba hiyo imeshikana na nani. Mawe yale yaliyoyeyuka hayakufika juu yakapumua. Yalipoa yakiwa ndani kabisa. Klorini haikupata nafasi ya kuibeba shaba ikaruka nayo. Salfa ndiyo iliyoidaka, na pamoja na chuma wakafanya jiwe la manjano linaloitwa kalkopairaiti, gumu, lisiloyeyuka katika maji, linaloweza kukaa ardhini milele na milele. Shaba ya Kabanga imeolewa na salfa. Shaba ya Tolbachik imetoroka na klorini. Mmoja huyu chuma ni kile kile, lakini nyumba ni mbili tofauti, na anayejua nyumba hizo hawezi kuuziwa moja kwa jina la nyingine.

Kagera haina volkano hai. Iliyo karibu ni ile ya Virunga: Nyiragongo, iliyomwaga lava katika mji wa Goma Januari 2002 na tena Mei 2021, na jirani yake Nyamulagira. Kutoka mji wa Ngara kwa mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 200. Gesi zao zina klorini, ni kweli, na watu wa Goma wanaijua mvua yenye tindikali inayokula mabati. Lakini ufa wa moto hauwezi kutembea kilomita 200 kuja kujificha chini ya migomba ya Kibimba. Na hata kama muujiza huo ungetokea, bado iko mvua. Ngara hupata misimu miwili ya mvua kila mwaka. Kitu kinachoyeyuka katika bilauri kwa dakika mbili hakiwezi kukaa kilimani masika na vuli, mwaka baada ya mwaka, kikimsubiri bwana mwenye kopo.

Pengine mtu wa Kibimba ataniambia, "Lakini mimi nimeokota jiwe la kijani shambani." Yawezekana kabisa, na asilitupe. Ila ajue kijani ni shahidi asiyeaminika. Shaba iliyokaa muda mrefu katika hewa na maji huwa malakaiti, ambalo ni kijani na haliyeyuki majini. Nikeli nayo hupaka mawe kijani. Na yako mawe mengi ya kijani yasiyo na shaba wala nikeli, kijani chake kikitokana na chuma na magnesi. Macho hayatoshi, hata ya mtaalamu hayatoshi.

Kwa wasikilizaji wa mwambao, ambao labda wamekuwa wakijiuliza haya yanawahusu nini, nao wana kloridi ya shaba nyumbani bila kujua. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ni klorini na sodiamu. Vifundo vya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe, visiposuguliwa, huota kijani, na sehemu ya kijani hicho yaweza kuwa kloridi yenye maji. Sufuria za shaba za kupikia pilau hutiwa bati ndani kwa sababu hiyo hiyo: chumvi na ndimu vikikutana na shaba tupu, chakula huwa sumu. Na wenye kutunza makumbusho wana ugonjwa wanaouogopa. Sarafu ya shaba, mathalani kama zile walizopiga masultani wa Kilwa, ikilala karne nyingi katika udongo wa chumvi, hupata tabaka la kloridi chini ya ngozi yake. Inapofukuliwa huonekana nzima. Kisha unyevu wa hewa unaingia, kloridi inaamka, madoa ya unga wa kijani yanatokea, na sarafu inaliwa kutoka ndani hadi inakuwa vumbi. Dawa yake kubwa ni ukavu. Mtunza makumbusho na mtafiti wa Kamchatka, kumbe, wote wawili wanapigana na unyevu.

Basi, kuhusu Kibimba. Nimemwandikia msikilizaji wangu kwamba jiwe lolote linaloweza kuwa na thamani lina njia yake, na njia hiyo haianzi kwa laki sita. Anayeokota jiwe alipeleke Ofisi ya Madini ya mkoa, chini ya Tume ya Madini. Kwa uchunguzi wa maabara iko Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, makao yake Dodoma. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, na anayeyanunua na kuyauza lazima awe na leseni. Tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini mikoani, ambako muuzaji na mnunuzi wanakutana mbele ya mizani ya umma. Bwana mwenye kopo aulizwe leseni kabla ya kuulizwa kitu kingine.

Nimemwomba pia jambo moja dogo. Yule bwana akirudi, aombwe kwa adabu aache bonge moja tu juu ya sahani, barazani, usiku mmoja, mbali na watoto na kuku. Asubuhi watu wakusanyike watazame. Kama bonge limebaki hudhurungi na kavu, mimi nitakuwa nimepotosha umma na barua yao nitaisoma hapa hapa. Kama wamekuta kijani kilicholowa, wamuulize kilikaaje kavu kilimani tangu enzi za mababu.

Wale wawili waliokwisha kutoa fedha wasione haya. Waende kituo cha polisi wakiwa pamoja, na wasifute ujumbe wowote katika simu zao: namba iliyopokea pesa, tarehe, na jina lililojitokeza wakati wa kutuma. Mwenye ng'ombe apeleke na shahidi wa mauzo.